Kikombe cha Kimya

Benchi lenyewe si la kujivunia. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya watu, na mtu mnene akinyanyuka ghafla upande mmoja, wa upande wa pili anajikuta chini. Mbele yake ipo meza ya fundi viatu, kando yake jiko la makaa na birika la kahawa, na kuanzia saa kumi jioni hapapiti jambo pale bila kujadiliwa mpaka likachoka lenyewe. Watu wa benchi hilo hawajui kunyamaza. Hata mafua hayawanyamazishi. Ila ipo siku moja kwa mwaka ambayo wapita njia hupunguza mwendo na kuwashangaa: siku ile ya msimu wa baridi ambapo mti ulio nyuma ya ukuta hufungua maua yake. Baridi yenyewe ni hii yetu ya kuvaa sweta alfajiri na kulifunga kiunoni ikifika saa nne, lakini mti ule unaiamini. Majani yote hupukutika, vinabaki vijiti vitupu, halafu vijiti hivyo vinajaa viua vya manjano, na harufu yake hupanda ukuta ikashukia upande wa benchi. Siku hiyo ya kwanza, kikombe cha kwanza cha kahawa hunywewa kimya hadi tone la mwisho. Atakayefungua mdomo kusema neno kabla vikombe havijaisha, msimu mzima atakalia ndoo. Na aliyeisikia harufu wa kwanza hupewa pembe ya benchi, pale ambapo ukuta umeshiba jua la mchana na mgongo unapata joto bila kuomba.

Miaka minane mfululizo pembe ile ilikuwa ya Fundi. Pua yake ilikuwa na sifa mtaa mzima. Aliwahi kukiinua kiatu cha mteja akamwambia, "Bwana, umekanyaga rangi mbichi," mteja akaapa kwa kila kitu kwamba hajakanyaga, akarudi kwake akakuta mkewe amepaka rangi kizingiti cha mlango asubuhi hiyo. Basi watu wakasema pua ya Fundi haina mpinzani, naye akaiacha sifa hiyo ikae alipowekewa.

Mwaka huu pembe alikuwa ameikalia mwenzake aitwaye Redio, na Fundi hakuwa na raha.

Mambo yalikwenda hivi. Jumatatu ya wiki iliyopita, Karani, mstaafu aliyemaliza miaka yake yote ya kazi akipokea barua na kuzigonga muhuri, alitoa daftari lake la mfukoni akalisoma kwa sauti: mwaka jana, tarehe kama ya leo, saa kumi na moja na robo jioni, maua. Kisha akatazama saa yake ya mkononi. Ilikuwa bado dakika moja. Benchi zima likaacha kupumua. Dakika ilipotimia, Redio, ambaye kazi yake ni kutengeneza redio na mdomo wake haujawahi kuzimwa, akaruka juu: "Nimeipata!" Karani akafumba macho, akaitikia kwa kichwa, akasema naam. Mama Birika, mwenye kahawa, akasema naam, akamimina. Fundi akavuta hewa mpaka mbavu zikamuuma. Alipata gundi. Alipata ngozi, makaa, kahawa, na mafuta ya nywele ya Redio. Maua hakuyapata. Akasema naam.

Siku hiyo alikinywa kikombe cha kimya akimkumbuka baba yake. Mzee naye alikuwa fundi viatu, na gundi ilimla pua kidogokidogo kwa miaka. Ilianza na maua. Ikafuata sabuni. Ikafuata mchuzi. Mwisho wake mzee alikaa jikoni akisoma gazeti huku sufuria ikiungua mbele yake, mpaka watoto wakaja mbio kutoka nje. "Inaanza na vitu vyembamba," alimwambia mwanawe. "Ukikosa maua, jua safari imeanza." Fundi aliogopa, tena aliogopa sana. Siku nane hizi amekuwa akinusa kila kitu nyumbani kwake: sabuni, viberiti, shati lake, kisogo cha mkewe.

— Mbona unaninusa kama paka? — mkewe alimuuliza.

— Nimekukumbuka tu.

— Umenikumbuka, kwani nimekwenda wapi?

Fundi akageukia viberiti. Kumwambia mkewe ni kulifanya jambo liwe kweli.

Sasa ilikuwa Jumanne, siku ya tisa tangu tangazo la Redio, na benchi lilikuwa limejaa. Redio kwenye pembe, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha kana kwamba nyumba ni yake. Karani katikati na daftari lake. Mama Birika kwenye kigoda chake kando ya jiko. Fundi mezani, ameshika kiatu cha mkewe chenye kisigino kilicholegea, kiatu kilichokuwa pale tangu mwezi uliopita, maana hakuna kiatu kinachosubiri foleni ndefu kama cha mke wa fundi viatu.

— Ni choyo tu, — alianza Redio, akapiga ukuta kwa kisogo. — Huyu mpangaji mpya ana choyo. Bibi yule wa zamani, Mungu ampe afya huko kwa binti yake, maua yakifunguka tu alikuwa anaturushia matawi juu ya ukuta. Huyu? Siku tisa! Hata kijiti!

— Pengine hajui utaratibu, — alisema Karani.

— Utaratibu gani? Mtu anakaa na mti mzima wa maua peke yake, anavuta harufu yote, sisi tunabakiwa na ya kupitia juu. Huko ni kula na kipofu bila kumshika mkono.

— Kipofu nani hapa? — aliuliza Mama Birika.

— Ni mfano, Mama Birika.

— Mfano wako umekaa upande. Kunywa kahawa.

Fundi aligongea msumari. Matawi yale yalikuwa yake zaidi ya mtu mwingine yeyote. Kila msimu aliyakusanya, akachuma ua moja moja, akaweka moja ndani ya kila jozi aliyoimaliza. Walikuwapo wateja waliongoja baridi iingie ndipo walete viatu vyao, hata kama soli zimekwisha kutoboka. Mwaka huu viatu vilikwenda nyumbani vitupu. Jana tu mama mmoja alikitikisa kiatu chake, akatazama ndani, akamtazama Fundi, akaondoka zake.

— Ila yanapendeza, — alisema Karani, akainua pua taratibu kama mtu anayesoma ilani iliyobandikwa juu. — Mwaka huu yamezidi. Mnajua kwa nini yanasubiri baridi?

— Hatujui, na hata usipoulizwa utatuambia, — alisema Mama Birika.

— Joto hupandisha kila kitu. Moshi, vumbi, hasira. Miezi ya joto harufu inapaa, inapita juu ya vichwa vyetu. Baridi ikija, inakuwa nzito, inashuka. Inatukuta hapa tulipokaa.

— Kwa hiyo miezi yote ile harufu ipo, ila ipo juu? — aliuliza Mama Birika.

— Ipo. Ndege wanaifaidi.

— Karani, — Redio akaingilia, — wewe ulikuwa unapokea barua, hukuwa unapokea upepo. Sikilizeni watu wa ufundi. Harufu ni mawimbi. Kama stesheni. Jua kali linatia mikwaruzo, baridi inasafisha anga, stesheni inaingia safi. Pua ni antena. Na kila mtu na masafa yake. — Akageuka kumtazama Fundi, macho yanacheka. — Wengine antena zimeanza kuingia kutu. Mwaka wa tisa huu, bwana mkubwa, umepigwa bao.

Msumari ulimponyoka Fundi, akainama kuutafuta chini ya meza, na akakaa huko muda mrefu kuliko msumari ulivyohitaji.

— Nyote wawili mnasema upuuzi, — alisema Mama Birika, akikoroga makaa. — Ule mti si wa hapa. Mbegu yake ilikuja ndani ya mfuko wa koti la mtu aliyetoka kwenye baridi ya kweli, ile ya barafu mpaka kwenye nyusi. Alilivua koti lile hapa kwa joto, akalikung'uta, mbegu ikadondoka. Basi kila mwaka kakipita kaubaridi ketu haka, mti unadhani umerudishwa kwao. Unafurahi, unafungua kila kitu ulichonacho. Mpaka uje kugundua kwamba ni hapa hapa, umekwisha kumwaga harufu yote.

— Kila mwaka unadanganyika? — aliuliza Karani.

— Kila mwaka.

— Mti mjinga huo.

— Mti una matumaini, wewe. Mjinga ni aliyeoa mara tatu.

Karani akalifungua daftari lake bila sababu, akalifunga.

— Lakini hapo Mama Birika umenifungua akili, — alisema Redio, akajiweka sawa. — Kama shida ni baridi tu, tunanunua barafu. Tunaizika kwenye mizizi. Maua mwezi wa kwanza mpaka wa kumi na mbili!

— Na kikombe cha kimya kila siku? — alisema Mama Birika. — Wewe utapasuka. Tutakuokota vipande vipande.

— Kwa afya nitavumilia. Maana sijawaambia. Goti langu hili, lililoniuma tangu mwaka juzi, tangu Jumatatu ile limekaa kimya. Nililiweka hivi, likaelekea ukuta. Kwisha.

— Hata mimi, — alisema Karani, hataki kubaki nyuma. — Siku hizi silali nikikoroma. Mke wangu ameniamsha mara mbili kwa hofu, anadhani nimekufa.

— Makaa yangu yanakolea upesi, — alisema Mama Birika. — Sikutaka tu kusema.

— Makaa? Mama Birika, jana nililiegemeza ukutani kopo la redio lililokufa miaka miwili, halina hata betri. Likakohoa! Likasema "habari za asubuhi"!

— Jioni ile?

— Lilikuwa nyuma kidogo, limelala miaka miwili, ulitaka lijue saa?

Walicheka mpaka ubao ukanesa. Fundi naye alicheka, lakini cheko lake lilifika mdomoni likarudi. Watu wote hawa, alijiambia, hata Karani mwenye mafua ya kudumu, wanaisikia. Mimi peke yangu ndiye nimebaki na gundi.

— Haya tuache utani, — alisema Karani. — Nataka niandike. Mwaka huu inanukiaje hasa?

— Asali, — alisema Redio. — Asali iliyopashwa moto.

— Mimi nasema bahasha mpya. Ile ya kwanza kwenye boksi.

— Mungu wangu, bahasha! Ni hiliki hiyo, — alisema Mama Birika. — Hiliki tupu.

— Hiliki umeitia mwenyewe kwenye birika!

— Basi tumwulize mwenye pua. Fundi! Umekaa kama maji mtungini leo. Hebu tuamulie, inanukiaje?

Wote watatu walimgeukia. Fundi alishika kiatu cha mkewe kwa mikono miwili. Angeweza kusema kweli pale pale, na ulimi ulikuwa tayari. Akaona pembe ya benchi, akamwona baba yake na sufuria, na badala ya kweli akatoa alichokuwa nacho akibani tangu mwaka jana.

— Ganda la chungwa, — alisema polepole. — Ganda la chungwa lililosahauliwa dirishani siku mbili. Halafu nyuma yake, kwa mbali, shuka iliyoanikwa juani.

— Hapo hapo! — Redio alipiga paja.

— Chungwa! Naam! Nilikuwa nalitafuta neno, — alisema Karani, akaandika.

— Na shuka, — alisema Mama Birika kwa sauti ya chini. — Kweli kabisa, na shuka.

Fundi alijisikia kama mtu aliyetia sahihi ya kupokea mzigo usiofika. Aliinamia kisigino akagonga msumari ambao tayari ulikuwa umezama.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipotokea kwenye kona ya ukuta. Alikuwa bado kijana, mikono ya blauzi ameikunja, utepe wa kupimia umemning'inia shingoni, na vipande vya nyuzi vimemganda kwenye sketi. Alisimama mbele ya benchi akakunja mikono.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba, — walijibu. Redio akajisogeza hata kabla hajajua ni nani. — Karibu, binti. Karibu kahawa.

— Ahsante. Mimi ndiye yule mwenye choyo.

Redio alikohoa. Karani akagundua kwamba kiatu chake kina vumbi.

— Nashona mapazia, — aliendelea yule mwanamke. — Cherehani yangu nimeiweka dirishani, upande huu huu. Mnauona ukuta mrefu, lakini sauti zenu haziujui. Najua goti la nani linauma na nani ameoa mara tatu.

— Binti yangu, maneno ya kijiweni hayo, — alisema Mama Birika. — Usiyaweke moyoni. Kaa.

— Sikuja kugombana, mama. Nina swali. — Alikunjua mikono, na sasa alionekana zaidi kama mtu mwenye wasiwasi kuliko mwenye hasira. — Kila jioni nikiwasikia mnaanza kusifia maua, naacha kazi natoka uani. Naweka pua kwenye matawi. Sisikii kitu. Juzi niliinama mpaka kijiti kikataka kunitoboa jicho. Nikasema, basi, vumbi la vitambaa limenimaliza pua, mbona watu walio nyuma ya ukuta wanasikia na mimi niliye mtini sisikii? Sikulala vizuri, kusema kweli. Leo mchana nimechukua kigoda, nimepanda, nimetazama tawi moja baada ya jingine. Mti una vitumba tu. Vyote vimefumba. Hakuna ua hata moja lililofunguka, tangu nihamie. Sasa naomba mnieleze, wazee wangu. Siku zote hizi mmekuwa mkinusa nini?

Birika lilisikika likichemka. Karani alifungua daftari, akatazama ile tarehe, akatazama mbele na nyuma yake kama jibu lingekuwa ukurasa wa jirani. Mama Birika alianza kupepea makaa yaliyokuwa yakiwaka vizuri tu. Redio alilikunja lile goti lake, akaanza kulisugua tena.

Fundi ndiye aliyeelewa kabla ya wenzake, na alielewa kwa mwili mzima. Kama maua hayapo, basi gundi, ngozi, makaa, kahawa na mafuta ya nywele ya Redio ndivyo vyote vilivyokuwapo pale. Hakukosa kitu. Pua yake ilikuwa imesema kweli siku zote tisa. Mdomo ndio ulioongopa. Cheko lilimtoka kutoka tumboni, likamtoa machozi, likamwangusha kiatu mkononi, na wenzake wakamtazama wakidhani gundi imepanda kichwani.

— Mimi sijasikia kitu! — alisema, akijifuta macho kwa aproni. — Jamani, tangu Jumatatu ile! Sijasikia hata chembe!

— Na lile ganda la chungwa? — aliuliza Mama Birika.

— La mwaka jana!

— Na shuka?

— Mwaka jana! Nilidhani pua yangu imekwenda ilikokwenda ya baba. Nimekuwa nanusa viberiti usiku kucha, mke wangu anadhani nimechanganyikiwa.

Mama Birika aliweka pepeo chini. Alivuta pumzi, akaitoa yote.

— Mimi nilidhani ni moshi wa makaa, — alisema. — Miaka yote hii nimeinamia jiko. Nikasema ndiyo hivyo, nimekwisha. Nimekuwa natia hiliki mara mbili, naogopa kahawa imepoa ladha na mimi sijui.

— Ndiyo maana! — alisema Karani.

— Imekuwa mbaya?

— Imekuwa tamu mno, tulikuwa tunaogopa kukuuliza usije ukaacha.

— Na wewe je, bwana wa bahasha?

Karani alivua miwani akaifuta kwa muda.

— Mimi nilifuata tarehe, — alisema. — Imeandikwa. Kwenye ofisi yetu kitu kikishaandikwa, kimetokea. Halafu mkasema mmesikia, nikaona nikikataa mtasema mzee amechakaa.

Wote wakamgeukia aliyekalia pembe.

— Mimi sibadili kauli, — alisema Redio.

— Redio!

— Nilinasa. Ninyi hamjui ufundi. Stesheni kabla haijafunguliwa rasmi huwa inafanya majaribio. Mimi nilinasa majaribio.

Hapo hata yule mshona mapazia alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika ukuta. Redio alijaribu kukunja uso, uso ukakataa, naye akaangua kicheko kuliko wote. Lakini kwenye pembe aliondolewa. Karani aliandika uamuzi ule kwenye daftari: pembe ibaki wazi mpaka maua ya kweli, na tarehe zisitumike tena.

Mgeni alipewa kikombe, akakaa katikati yao, wakamweleza habari zote. Wakamweleza ya bibi wa zamani na matawi yake, ya pembe ya ukutani, ya maua ndani ya viatu. Maneno yalikuwa mengi, kila mmoja akimpokonya mwenzake, na kwenye vurugu hiyo kikombe cha kimya wakasahau kumweleza.

— Basi yakifunguka nitawapigia kelele, — alisema akiaga.

— Hapana, mwanangu, — alisema Fundi. — Tuachie tuisikie wenyewe. Wewe turushie tawi tu.

Nyumbani jioni ile Fundi alimwambia mkewe kila kitu, kuanzia naam yake ya uongo mpaka mzee na sufuria. Mkewe alikuwa anakunja nguo. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukunja.

— Nilijua hukusikia kitu, — alisema.

— Ulijuaje?

— Kila mwaka ukiisikia ile harufu, unaingia mlangoni unapiga mluzi. Mwenyewe hujui kama unapiga. Mwaka huu umeingia kimya siku zote.

— Na hukusema?

— Nilikuwa nasubiri mluzi. — Akamtupia shati la kukunja. — Na kiatu changu.

Ijumaa upepo uligeuka. Saa nne ilifika na masweta hayakwenda viunoni; saa nane yalikuwa bado mabegani, na watu walipita wakisugua viganja na kujisifu kwa baridi ile kana kwamba wameitengeneza wenyewe. Saa kumi na moja kasoro, Redio alikuwa katikati ya maelezo marefu kuhusu kwa nini mbuzi hupiga chafya mara mbili.

— Ya kwanza anaita, — alikuwa anasema. — Ya pili anajijibu mwenyewe. Sasa ukimfunga pua mbuzi, kinachotokea ni kwamba...

Nyundo ya Fundi ilibaki hewani.

Ilikuja nyembamba kwanza, kama mtu anayechungulia mlangoni. Ganda la chungwa. Akasubiri, hakutaka kuiharakisha. Kisha shuka. Halafu ikamwagika yote, juu ya meza, juu ya gundi na ngozi na misumari, na Fundi akahisi kifua kinamjaa furaha mpaka ikambidi aweke nyundo chini. Hakutangaza. Alijifuta mikono, akazunguka meza yake, akaenda akakaa kwenye pembe iliyokuwa wazi tangu Jumanne, akaegemeza mgongo ukutani.

Mama Birika alimtazama Fundi, akaitazama ile pembe, akainua pua. Midomo yake ikalegea. Akapanga vikombe vinne, akamimina bila mlio. Karani alipokea cha kwake. Daftari halikutoka mfukoni. Redio alibaki mdomo wazi, mbuzi wake amefungwa pua katikati ya sentensi, kisha akaufunga mdomo ule polepole, akakimeza kile kinachomtokea mbuzi, na hakuna aliyewahi kukijua.

Walikunywa. Wapita njia walipunguza mwendo.

Nyuma ya ukuta cherehani ilisimama. Mlango ukafunguliwa, nyayo zikaja mbio uani, zikasimama chini ya mti, kisha sauti ya yule mshona mapazia ikapanda, imejaa furaha na haraka:

— Wazee wangu! Mpo? Mbona leo mmenyamaza? Ina maana hamjasikia tu?

Hakuna aliyeweza kumjibu. Vikombe vilikuwa nusu. Redio aliitazama ile ndoo, akauma mdomo wa chini, machozi yakamlengalenga kwa maneno yaliyombana. Karani alimwekea mkono begani.

— Jamani? Hamjambo huko?

Tawi likapita juu ya ukuta, likageuka mara moja hewani, likaangukia juu ya meza kati ya misumari. Lilikuwa limejaa viua vya manjano kutoka shina hadi ncha. Fundi alinyoosha mkono, akachuma kimoja, akakitia ndani ya kiatu cha mkewe, chenye kisigino kipya. Kisha akaegemea tena. Sheria ilikataza maneno. Mluzi haukutajwa popote. Na pengine hakujua kama anaupiga, lakini wenzake waliusikia, mwanamke aliye nyuma ya ukuta akausikia akaacha kuuliza, na kahawa ikaendelea kupungua vikombeni, taratibu, bila mtu kuwa na haraka ya kuimaliza.